Kompyuta ya Posta na Mke wa Anton

Tangazo lenyewe lilikuwa kurasa mbili zinazotazamana, katikati ya gazeti la wakulima ambalo baba yangu alilisoma kila mwezi kuanzia nyuma kwenda mbele. Kurasa zilizotangulia zilikuwa za matrekta, zilizofuata za dawa ya minyoo ya nguruwe, na hapo katikati ikawekwa kompyuta: sanduku lake, skrini ya rangi, kibodi, printa, na programu zote zimeshatiwa ndani, kila kitu kwa bei moja. Unapiga simu bila malipo, mzigo unaletwa hadi mlangoni. Baba alilikata tangazo kwa kisu chake cha mfukoni, akalibandika kwa sumaku kwenye mlango wa friji, na likakaa hapo tangu mavuno ya ngano mpaka theluji ya kwanza.

Huo ulikuwa mwaka tisini na tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nimerudi kwa wazazi wangu Nordal, North Dakota, baada ya ndoa yangu ya Minneapolis kuvunjika, na nilikuwa nimepata kazi ya kupima malori kwenye ghala la nafaka. Baba, Orlin Ostby, alikuwa na sitini na saba. Mwaka mmoja kabla alikuwa amemkodisha binamu yake mashamba yote. Mtu aliyelima miaka arobaini na mitano, ukimpumzisha ghafla, hajui aiweke wapi mikono yake. Alikuwa akiamka alfajiri, anavaa buti, anakwenda mpaka kwenye banda, anarudi.

Kwa hiyo kanisa lilipompa kazi, aliipokea kama mtu aliyeletewa chakula. Kanisa letu la Kilutheri lilikuwa litimize miaka mia moja Juni ya mwaka uliofuata, na kamati ilitaka kitabu cha familia zote zilizopita pale: nani alizaliwa, nani alioa nani, nani amelala makaburini na tangu lini. Baba alijaza madaftari kumi na moja kwa penseli. Hati yake ilikuwa kama kuku amepita kwenye vumbi. Mashine ya taipu ya kanisa ilikuwa imekufa herufi mbili, e na n, na ukianza kuandika majina ya Kinorwei bila e na n, habaki mtu.

"Nainunua ile kompyuta," Baba alisema siku moja, kwenye kahawa ya saa tisa mchana.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akivimenya. "Kwa nani?"

"Kampuni. Ile ya kwenye friji."

"Umewahi kuwaona hao watu?"

"Wako majimbo matatu kutoka hapa. Nitawaonea wapi?"

"Ndiyo nisemayo. Ulikataa kununua jembe la theluji la jirani, eti hujaliona likifanya kazi. Leo unataka kumtumia hela mtu wa kwenye simu."

"Verna, vifaranga je? Si tunaagiza kwa posta kila masika? Na wale wanakuja wakiwa hai!"

"Kifaranga nakijua. Kikija kimekufa, nitajua kimekufa. Hiyo yako nitajuaje?"

Mama yangu alikuwa na miaka sitini na minne wakati huo, mwembamba, mgongo umenyooka, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Nilidhani namjua mpaka mwisho wake. Mtoto hukaa na mama yake akaona aproni, tanuri, kapu la nguo, akafikiri hesabu imekamilika.

Siku ya kupiga simu, Baba alivaa shati safi. Namwona mpaka leo: shati la bluu la kanisani, nywele kazichana kwa maji, kasimama wima mbele ya simu ya ukutani utadhani anapokelewa na gavana. Angeweza kukaa, lakini alisema hawezi kuongea na mwanamke asiyemjua huku amekaa. Sauti ya yule binti wa kampuni ilikuwa kubwa hata sisi jikoni tuliisikia vipande vipande. Alimuuliza anwani, akamuuliza kama atalipa kwa hundi, kisha akamuuliza jambo lililomfanya Baba aifunike simu kwa kiganja.

"Verna," alinong'ona. "Anauliza kama tunataka na panya."

"Panya?"

"Anasema anakuja humo humo kwenye bei."

"Miaka arobaini napigana na panya kwenye banda lile, leo tulipe posta atuletee mwingine?"

"Binti," Baba akasema kwenye simu, "mke wangu anaomba maelezo zaidi kuhusu panya."

Kule upande wa pili tulisikia watu zaidi ya mmoja wakicheka. Baadaye tulielewa ni kile kidude cha mkononi cha kusogezea mshale, na tukacheka sisi pia, Mama kuliko wote, ingawa aligeukia sinki ili tusimwone. Bei yote ilikuwa sawa na ndama watatu wazuri, na kwa kompyuta ya miaka ile hiyo ilikuwa rahisi kabisa. Madukani, mjini Fargo, ungepata sanduku tupu kwa pesa hiyo.

Mzigo ulifika wiki ya pili ya Januari, kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Dereva wa lori la mizigo alishusha maboksi mawili kwenye ukumbi wa mbele, ndevu zake zimeganda nyeupe.

"Karatasi yako inasema matatu, Ostby," alisema. "Mimi ninayo mawili. La tatu liko njiani, ila barabara kuu imefungwa na theluji. Usiniulize lini."

"Ni boksi gani halipo?"

Dereva akasoma. "Skrini."

Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mvua itachelewa wiki moja, akamkaribisha dereva kahawa, kwa sababu katika baridi ile humwachi mtu aondoke bila kahawa. Alipoondoka, tukakuta karatasi ya njano imebandikwa juu ya boksi kubwa: ikiwa mzigo umetoka kwenye baridi, usifunguliwe kwa saa sita, unyevu usije ukaingia ndani ya mitambo ukaiua.

Basi tukakaa. Sebuleni, maboksi mawili juu ya mataulo ya Mama, theluji ikiyeyuka pembeni mwake, na Baba kwenye kiti akiyatazama kwa saa sita. Mama alikuwa akipita na tambara, anafuta maji, anapita tena.

"Mgeni amekuja umemwacha na koti," alimwambia.

"Maelekezo yanasema hivyo."

"Walau mpe biskuti."

Saa kumi na moja na nusu jioni alilifungua boksi. Harufu iliyotoka siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hakuinusa wakati ule: plastiki mpya na karatasi ngumu, na kitu kama hewa ya dukani. Siku hizi nikifungua mfuko wa kitu kipya huwa naipeleka pua kwanza, na sijawahi kuipata tena.

Aliunganisha alichoweza kuunganisha kwenye meza ya kulia, akabonyeza swichi. Ikalia mlio mmoja, feni ikaanza kuzunguka ndani. Hapakuwa na kitu cha kutazama. Baba aliinamisha sikio.

"Inapumua," alisema.

Skrini ilichelewa siku tisa, na siku hizo zote, kila asubuhi baada ya uji, Baba aliiwasha, akaisikiliza dakika tano, akaizima. Mama alimwambia amenunua redio isiyo na stesheni. Baba hakujali. Nilimsikia siku moja akimweleza binamu yake kwenye simu kwamba mashine inakwenda vizuri sana, ila bado haijapewa uso.

Skrini ilipofika, hatimaye, ikawekwa juu ya sanduku, waya zikachomekwa, na haikuonyesha kitu. Nyeusi tii. Uso wa Baba ulibadilika rangi. Mama hakusema "nilikwambia", lakini alianza kusugua jiko lililokuwa safi, na sote tulielewa maana yake. Baba akapiga ile namba ya msaada. Alisubiri nusu saa akisikiliza muziki wa kinanda, mpaka akapokelewa na kijana mmoja aliyejitaja kwa jina la Duane.

"Mzee, waya mnene umechomeka nyuma ya sanduku?"

"Ndiyo."

"Umekaza skrubu zake mbili?"

"Nimekaza mpaka mwisho."

"Sasa, mzee, usinielewe vibaya. Skrini ina swichi yake peke yake, chini, upande wa kulia. Umeiwasha?"

Baba aliinama. Akapeleka kidole. Skrini ikapiga kelele ndogo, ikajaa rangi ya samawati.

"Duane," alisema, "hii habari inaishia kwako."

"Mzee, wewe ni wa nne leo, na bado sijanywa hata kahawa."

Waliongea dakika ishirini nyingine, kuhusu ngano. Baba yake Duane naye alikuwa mkulima.

Sasa kazi ikaanza, na hapo ndipo tatizo lenyewe lilipojitokeza. Baba alipiga taipu kwa vidole viwili vya shahada. Anaitafuta herufi, anaikuta, anaibonyeza kwa nguvu kama anatia msumari, kisha anainua kichwa kuona kama imeandikwa. Ukurasa wa kwanza ulimchukua tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana. Alikuwa akimaliza familia nne kwa wiki, na madaftari yalikuwa na familia mia mbili na kumi na nne. Hesabu hiyo aliijua kila mtu ndani ya nyumba, na hakuna aliyeitaja.

Ilikuwa Jumanne ya Februari. Theluji ilikuwa imefunga ghala, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa jikoni akisukuma lefse, ile mikate myembamba ya viazi, na Baba kwenye meza ya kulia: to. Kimya. To. Kimya kirefu. To-to. "Ala!" Kimya. To. Mlango kati ya vyumba viwili ulikuwa wazi. Niliona mabega ya Mama yakipanda kidogo kila herufi ilipolia, kama mtu anayedondokewa na maji ya baridi shingoni.

Aliweka chini fimbo ya kusukumia. Akajifuta unga kwenye aproni, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Baba.

"Inuka."

"Niko katikati ya akina Hegstad."

"Inuka, Orlin."

Baba akainuka. Mama akakivuta kiti karibu, akaketi mgongo umenyooka, akaweka vidole vyake vyote juu ya kibodi bila kuitazama, akalitazama daftari. Halafu akaanza.

Sijui niufananishe na nini ule mlio. Mvua ya mawe inapoanza kwenye bati, labda, ila mvua ya mawe haina mpangilio. Huu ulikuwa na mpangilio. Macho yake yalikuwa kwenye daftari, mara moja moja tu yakipanda kwenye skrini, na mistari ikajipanga, akina Hegstad wote, vizazi vitatu, na ndoa zao na vifo vyao, kabla lefse iliyoachwa kwenye chuma haijaungua. Niliikimbilia mimi. Niliporudi alikuwa ameingia kwa akina Holte.

"Hapa umeandika Holte kwa e, na chini bila e," alisema. "Chagua."

Baba hakuchagua. Mdomo ulikuwa wazi. "Verna. Umejifunzia wapi haya?"

"Ofisi ya reli. Minneapolis."

"Si ulikuwa unawapikia kahawa kule?"

Vidole vikasimama. "Nani kakwambia napika kahawa?"

"Hakuna. Nilidhani tu."

"Nilikuwa napiga barua za meneja. Miaka mitatu. Maneno tisini kwa dakika. Mwaka wa mwisho walinipa saa ya mkononi."

"Miaka arobaini na mmoja tumeoana! Hujawahi kusema!"

"Hujawahi kuuliza," Mama alisema, akaendelea na akina Holte.

Hakusema kwa hasira. Kama angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema kama mtu anayekujibu saa ngapi. Nami niliyesimama pale na lefse iliyoungua mkononi, nilijua jibu lile lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimeishi Minneapolis miaka kumi, napita mbele ya jengo la ile reli kila siku nikienda kazini, na sikuwahi kumwuliza mama yangu alikuwa akikaa dirisha lipi.

Kuanzia siku hiyo kompyuta ikawa yake kila mchana, saa saba mpaka saa tisa. Baba alimsomea pale penseli ilipofifia. Walikuwa wakibishana kuhusu nukta na tarehe, na nikirudi kazini niliwakuta wamekaa bega kwa bega mbele ya ule mwanga wa samawati, kitu ambacho sikumbuki kukiona utotoni mwangu, kwa maana utotoni mwangu Baba alikuwa shambani na Mama alikuwa kila mahali pengine.

Kisha wakafika kwa akina Tveit.

"'Nils Tveit na mke,'" Mama alisoma. Akaacha kupiga. "Mke gani?"

"Mke wake."

"Alikuwa na jina."

"Rekodi ya kanisa imeandika 'na mke'. Naandika rekodi inavyosema. Ndivyo nilivyoahidi kamati."

Mama akafungua madaftari nyuma, mbele, akanyoosha kidole. Mke wa Peder. Mke wa Olaf Holte. Na mke. Na mke wa pili. "Umeandika jina la farasi wa mchungaji wa kwanza, Orlin. Farasi!"

"Farasi yumo kwenye rekodi."

"Basi aliyeandika rekodi alikuwa mvivu, na wewe unamfuata nyuma."

Baba akasema kitabu hakiwezi kubadilishwa kwa sababu mtu mmoja ameamka vibaya. Mama akaizima mashine, akaenda kukaa jikoni na kufuma soksi. "Endelea na vidole vyako viwili," alisema. Siku mbili nzima ilikuwa to, kimya, to. Chakula kililiwa bila mazungumzo, nikiwapitishia chumvi kama mjumbe kati ya nchi mbili.

Siku ya tatu Baba alikuja kwenye mlango wa jikoni. "Haya. Tafuta hayo majina. Lakini nina sharti. Ukikosa hata mmoja, wote wanarudi kuwa 'na mke'. Sitatoa kitabu kilichoandikwa nusu hivi na nusu vile."

"Nimekubali," Mama alisema, bila kufikiri hata kidogo.

Wanawake wasio na majina walikuwa mia moja na sitini. Mama aliwatafuta kwa simu, kwa barua alizozipiga na kuzichapa kwa printa, na kwa gari letu la zamani, akiendesha mwenyewe mpaka nyumba ya wazee, sahani ya lefse kwenye kiti cha pembeni. Nilimsindikiza Jumamosi moja. Bibi mmoja pale, hakuwa akiongea sana tena, Mama alimwinamia akamwuliza, "Bibi, mama yako aliitwa nani? Siyo mke wa nani. Yeye." Yule bibi alitazama dirisha muda mrefu mpaka nikadhani hakusikia. Halafu akasema, "Synnove," akacheka kwa mshangao, akalisema tena mara mbili, kama mtu anayeonja.

Kufikia mwisho wa Aprili majina yote yalikuwa yamepatikana isipokuwa moja. Mke wa Anton Lillehaug. Alifariki mwaka elfu moja mia tisa na moja, jiwe lake linasema "Mke wa A. Lillehaug" na mwaka, basi. Hawakuwa na watoto. Mwaka huo huo Anton aliuza kila kitu akahamia Kanada. Mama aliandika barua Saskatchewan, makanisa matano. Matatu yalijibu kwamba hayamjui. Mawili hayakujibu.

Mchapaji wa Fargo alitaka kazi Jumatatu. Ijumaa asubuhi Mama alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani.

"Nawarudisha," alisema.

Nilikuwa navaa koti kwenda kazini. "Mama, mmoja tu! Nani ataona?"

"Nilikubali sharti, Marlys." Akavuta kibodi. "Borghild Tveit atakuwa wa kwanza, ndiye aliyeanzisha."

Baba alikuwa kwenye kiti chake na kikombe. Alimtazama Mama akiinua mkono. Alisimama, akachukua kofia, akasema, "Usiguse kitu mpaka nirudi," akatoka. Tukasikia gari likiondoka kwenye matope.

Alirudi saa kumi jioni, nami nilikuwa nimeshafika. Hakuvua buti, na Mama hakumkemea, na hilo peke yake linatosha kukueleza hali ilivyokuwa. Alitoa kwenye koti fotokopi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akailaza karibu na kibodi.

Ilikuwa hati ya ardhi ya mwaka elfu moja mia nane tisini na nane, kutoka ofisi ya kaunti. Anton Lillehaug alikuwa amemwuzia jirani kipande cha shamba. Chini kulikuwa na sahihi yake, yenye mikogo. Na chini ya sahihi, alama ya X, wino umevuja kidogo upande mmoja, na pembeni yake karani ameandika kwa hati nzuri: Ragnhild Lillehaug, alama yake.

"Nimeuza na kununua ardhi mara sita," Baba alisema. Alikuwa akiongea na buti zake. "Mara zote sita walikataa kunipokea mpaka na wewe utie sahihi. Nikakumbuka leo asubuhi. Nikasema, kama sheria ilikuwa ile ile wakati wa Anton, basi yumo kwenye hati."

Mama aliweka kidole juu ya ile X. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Akakaa nacho pale. Kisha akaigeukia kibodi, akaandika herufi nane. Haikumchukua hata sekunde mbili.

"Umehifadhi?" Baba aliuliza.

"Nimehifadhi."

"Hifadhi tena."

"Nimehifadhi mara tatu, Orlin. Vua buti."

Sherehe ya miaka mia ilikuwa Jumapili ya pili ya Juni, ukumbi wa chini wa kanisa, meza ndefu, kahawa kwenye mabirika yale makubwa, nyama ya kusaga na viazi kwenye sahani za tanuri, keki za kila namna. Vitabu mia tatu vilifika Ijumaa. Gamba lake lilikuwa la bluu, na kwa kuwa gamba lilishughulikiwa na kamati, liliandikwa: Kimetayarishwa na Bwana na Bi. Orlin Ostby.

Mama aliposoma alitoa kicheko kimoja kifupi puani, akaenda kupanga vikombe. Baba hakucheka. Alikwenda kwenye gari, akarudi na penseli ya fundi seremala, akakaa mwisho wa meza. Kila aliyekuja kuchukua kitabu alisimamishwa. Baba alifungua ukurasa wa kwanza, akaandika kwa ile hati yake mbaya, Verna, akakitoa. Alifanya hivyo mia tatu yote. Watu walipanga foleni mpaka kwenye ngazi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Hazel Tveit, aliyekuwa na miaka tisini na mmoja na mjukuu wa yule Nils, alikaa na kitabu pembeni ya dirisha. Nilimpelekea kahawa. Alikuwa amefungua ukurasa wa ukoo wake, kidole kwenye mstari mmoja.

"Borghild," aliniambia. "Huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu."

Mhariri wa gazeti la kaunti alikuwepo siku hiyo. Alikipitia kitabu akiwa amesimama, kurasa nyingi, kisha akauliza nani kakipiga, maana hajaona kosa hata moja. Wiki mbili baadaye Mama alikuwa na kazi kwenye gazeti hilo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mshahara wake, meza yake, na kiti kinachozunguka. Aliifanya miaka kumi na mmoja. Kompyuta ile ya posta ilibaki kwenye meza ya kulia mpaka mwaka elfu mbili. Kufikia hapo haikuweza kusoma kitu chochote cha wakati huo, na sisi tulikula jikoni kwa sababu hakuna aliyetaka kuiondoa. Baba alikufa mwaka elfu mbili na sita, Mama miaka mitano baadaye. Ukoo wangu wote nimeufuata kitabuni humo, na tarehe za vifo vyao nimeziongeza humo mwenyewe, kwa mkono.

Asubuhi ya siku yake ya kwanza kazini alivaa sketi ya kijivu ambayo sikujua anayo. Alibusu hewa karibu na shavu la Baba, akachukua mkoba, akaendesha gari kuelekea mjini. Baba alisimama dirishani mpaka vumbi likatulia.

"Amesahau kuniachia chakula cha mchana," alisema.

"Hajasahau, Baba."

Alinitazama. Akavuta pumzi, akakunja mikono ya shati, akafungua kabati la kwanza. Vikombe. La pili, unga na sukari. La tatu, vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi. Nilimwacha atafute. Sufuria zilikuwa kabati la nne.